Rubani wa Sehemu za Mwanzo

Aliyemwambia kwanza habari za kanda zile ni Mzee Waya, fundi mwenye duka, na alimwambia huku akicheka, bisibisi ikiwa imebanwa kwenye meno.

"Mwandiko, hizi tatu ni sehemu za mwanzo kabisa za Chombo cha Saba. Wewe hata hujazaliwa. Kikianza kile kipindi, mtaa mzima unakuwa kimya kama umehamwa."

Mwandiko ndilo jina alilompa tangu siku ya kwanza kazini. Binti wa watu alikuwa ameishia darasa la saba, tena mwenye haya hata ya kuomba maji ya kunywa, lakini akishika kalamu herufi zinasimama kama zimepigwa chapa. Ndiyo maana Mzee Waya alimchukua pamoja na mtoto wake wa miezi kumi, ambaye alitandikiwa mkeka pembeni ya meza.

Kituo cha televisheni kilikuwa kimeleta kanda zake za zamani zihamishiwe kwenye kompyuta kabla hazijaoza. Kazi ile haikubali haraka. Kanda ya dakika ishirini inakwenda dakika ishirini, na lazima mtu akae nayo, kwani ikinasa kwenye deki na hakuna mtu, basi tena. Na kila kanda ina kadi yake: jina la kipindi, muda, na waigizaji wote wanaoonekana.

"Ila hizi usizifikishe jioni," Mzee Waya alisema. "Kuna mama mmoja humo, Rubani. Anakutazama."

"Waigizaji wote si wanatazama kamera, mzee?"

"Kamera wanaitazama hao wengine. Huyu anakutazama wewe. Anauliza swali, halafu anangoja. Watoto walikuwa wanamjibu, wengine usiku wanaweweseka. Watu wakasema ni mchawi. Kituo kikamtoa, akaletwa mwingine, mambo yakaisha."

"Na wewe ulimjibu?"

"Mimi? Akifika pale natoka kwenda kunywa maji. Mpaka leo."

Mwandiko alitabasamu, akainamisha uso. 

Rubani yule alikuwa mama yake mdogo.

Ndiye aliyemlea tangu akiwa na miaka minne, mama mzazi alipofariki. Alikuwa ameshaacha kuigiza, anashona nguo kwenye chumba kimoja nyuma ya mashine ya kusaga. Lakini watu hawakusahau. Siku moja, Mwandiko akiwa darasa la nne, mama mdogo alimfuata shuleni na mwavuli, mvua inanyesha. Watoto wakaanza kuimba, "Mchawi wa nyota! Mchawi wa nyota!" Mmoja akamgeukia: "Huyu si mama yako?" Naye akajibu, kwa sauti, mama mdogo akiwa hatua tatu tu kutoka getini:

"Simjui."

Mama mdogo aliuweka mwavuli chini, akarudi na mvua yake. Hakuwahi kumsema. Hakuwahi tena kukanyaga pale shuleni. Mwandiko alipoolewa hakumwalika. Mumewe, dereva wa lori, anajua mkewe hana mtu. Yapata miaka mitano sasa hajapita hata karibu na ile mashine ya kusaga.

Siku hiyo umeme ulikatika mchana kutwa. Uliporudi jua lilikuwa linazama, na dereva wa kituo alikuwa afike asubuhi kuzichukua. Mzee Waya alikuwa na redio ya mtu ya kupeleka.

"Malizia hizo tatu, mwanangu, ni fupi. Majina nimekuandikia kwenye karatasi. Ambaye simjui acha."

Akaondoka. Mwandiko akawasha taa, akasukuma kanda ya kwanza kwenye deki.

Mwanzoni alitaka kucheka. Chombo cha anga chenyewe kilikuwa makaratasi ya maboksi na mabati ya kung'aa. Nyota zilikuwa matundu kwenye kitambaa cheusi, taa ikiwaka kwa nyuma. Nahodha alishika usukani ambao bila shaka ulitoka kwenye gari bovu. Kisha kiti cha mbele kikageuka...

Mama mdogo. Kijana, wa umri wake yeye sasa. Masikio yale yale anayoyaona kwenye kioo kila asubuhi.

"Hapa ni chomboni," Rubani alisema taratibu. "Huko nyumbani, nani ananijua?"

Akangoja.

Mwandiko aliangalia kadi. Hakuinua macho mpaka Nahodha alipoanza kusema. Kanda ilipoisha alinakili majina kutoka kwenye karatasi ya Mzee Waya: la Nahodha, la Tabibu, la Mpishi. Mbele ya neno Rubani, Mzee Waya hakuwa ameandika kitu. Kalamu ikasimama hewani. Angeandika jina, kesho mzee angeuliza amelijuaje. Kituo wangeuliza. Mtaa ungeuliza.

Akaandika, kwa herufi nzuri kabisa: *Hajulikani*.

Mtoto alikuwa mapajani mwake, ananyonya. Akaachia ziwa.

Alimtazama mama yake usoni, kwa muda, kama mtoto anavyomtazama mgeni aliyeingia bila hodi. Midomo ikamtetemeka. Kisha akapiga yowe, akajivuta nyuma, akamsukuma kifuani kwa viganja vyote viwili.

"Nini, mama? Ni mimi..."

Akimgusa, kilio kinazidi. Akimweka mkekani, kinapungua. Akajisemesha kwamba ni meno, meno yanamsumbua. Akaweka kanda ya pili.

Harufu ikaja kabla ya picha. Nguo iliyotoka kupigwa pasi ya mkaa. Ilikuwa harufu ya chumba kile nyuma ya mashine. Pale dukani hapakuwa na pasi wala mkaa.

"Hapa ni chomboni. Huko nyumbani, nani ananijua?"

Safari hii alingoja zaidi. Mwandiko alihesabu pumzi zake mwenyewe, kumi na moja. Akajaza kadi ya pili. *Hajulikani*.

Mlango ukasukumwa. Alikuwa msusi wa chumba cha pili, aliyemsuka nywele hizo hizo alizokuwa nazo kichwani, juzi tu, wakicheka mpaka machozi. Kitana mkononi, nyuma yake wateja wawili.

"Huyu mtoto analia tangu saa ile. Dada, mama yake yuko wapi?"

"Acha utani, shoga."

"Utani na nani? Mimi nakujua wapi?" Msusi alimtazama juu mpaka chini, bila tabasamu. "Mwandiko kaenda wapi? Na wewe unafanya nini na mtoto wake?"

Mwandiko alifungua kinywa kumjibu. 

Nyuma yake deki ikalia *tak*.

Kanda ya tatu ilikuwa bado mezani, ndani ya kasha lake. Aliiona kwa macho yake. Lakini kwenye kioo cha televisheni kiti cha mbele kilikuwa kinageuka... polepole... na mtoto hakuwa analia tena. Alikuwa ametambaa mpaka chini ya televisheni, amekishika kioo kwa mikono miwili, anacheka. Kicheko kile alichokuwa anamchekea mama yake tu.

Rubani akainama kumtazama. Kisha akainua macho.

"Huko nyumbani, nani ananijua?"

Pasi ya mkaa ikanukia dukani kote.

"Mimi," Mwandiko alinong'ona.

Rubani hakupepesa macho.

"Mimi nakujua."

Bado anangoja. Mtoto akanyoosha mikono kwenye kioo na kusema neno alilokuwa amejifunza wiki ile ile, neno lake la kwanza.

"Mama."

Hakumwambia Mwandiko.

Hapo ndipo alipopiga magoti. Mbele ya msusi, mbele ya wateja wake ambao kesho wangezisambaza habari mtaa mzima. Akasema kwa nguvu mpaka koo likamkwaruza:

"Ni mama yangu mdogo! Ndiye aliyenilea. Alinifuata shuleni na mwavuli nikamkana mbele ya watu, na leo nimemkana tena, mara mbili, kwa maandishi. Namjua! Mwanangu nirudishie, mama mdogo. Namjua!"

Televisheni ikajaa chembechembe nyeupe. Shhhhh...

Mtoto akageuka. Akamtazama. Akatambaa upesi upesi, akamdandia mapajani, akalitafuta ziwa.

"Jamani, Mwandiko," msusi alisema mlangoni, kwa sauti yake ya kila siku. "Mbona uko chini? Umeanguka, shoga?"

Wale wateja wawili walikuwa wanatazamana. Walikuwa wamesikia kila neno.

Mzee Waya aliporudi alimkuta anaandika kadi upya. Alisoma jina, akasoma na maneno yaliyofuata, *mama mdogo wa mwandishi wa kadi hii*, akavua miwani.

"Na ya tatu hii mbona umemwandika? Ya tatu hayumo. Walikuwa wameshamtoa."

Wakaiweka kwenye deki pamoja. Kweli. Katika sehemu ya tatu kiti cha mbele kilikuwa kitupu tangu mwanzo mpaka mwisho, na Nahodha hakukitazama hata mara moja.

Asubuhi yake hakwenda kazini. Alimfunga mtoto mgongoni, akapita mbele ya kibaraza cha msusi, mazungumzo yakakatika alipopita na yakaanza upya alipokwisha kupita. Hakuinama. Alitembea mpaka kwenye mashine ya kusaga, akazunguka nyuma, akabisha hodi.

Mama mdogo alifungua. Alikuwa amezeeka kuliko miaka mitano. Macho yake yalikwenda moja kwa moja mgongoni.

"Ah, mjukuu wangu! Umeamka salama? Jana tumecheka, eti?" Akampokea, na mtoto akamwendea kama mtu aliyezoea.

Kisha mama mdogo akamtazama Mwandiko. Kwa upole, bila hasira yoyote.

"Na wewe dada uliyemleta," aliuliza, "wewe ni nani?"

Mwandiko alivua viatu. Akaketi kizingitini, chini, akaanza kumweleza tangu mwanzo: mama yake mzazi alivyofariki, yeye akiwa na miaka minne, na nani aliyekuja kumchukua.