X Kwenye Ukuta wa Mama Hemant

Wazazi wenzangu, na nyinyi vijana mnaojua kushika brashi kuliko kushika ulimi, nipeni masikio kidogo. Ninayosimulia yametokea Lemara, mtaani kwetu, na mimi mwenyewe nilikuwapo nikibeba mabati.

Jioni za mtaa wetu zina raha yake. Duka la vitambaa la Mama Hemant lina kibaraza kirefu kilichoezekwa bati, na chini yake wanakaa mafundi cherehani kwa ruhusa yake. Ukinunua kitenge ndani, unapimwa nje, mnacheka, mnaulizana habari za watoto. Mama Hemant, ambaye jina lake ni Madhu, ni mjane wa Kihindi aliyezaliwa hapa hapa Arusha. Mwanawe alimwita mara nyingi akaishi naye Mwanza, akakataa, akasema huko hamjui mtu. Kila jioni hutoka na birika la chai ya tangawizi na kuwamiminia mafundi, na huanza na Tabitha, kwa sababu Tabitha amekaa pale muda mrefu kuliko wote.

Tabitha ni Mmeru wa kijiji cha Kikwe, mke wa Elisaria fundi ujenzi. Mtoto wao Gidion huandika mabango ya maduka, na mkono wake ni mzuri kweli. Kijana mpole, anayesalimia watu. Nasema hivi ili msije mkadhani nasimulia habari za mhuni.

Basi, siku moja walikuja watu waliovaa vizibao vya reflekta, wakiwa na kopo la rangi nyekundu. Kwetu X nyekundu ukutani haihitaji mkalimani. Ukiiona unajua umejenga kwenye hifadhi ya barabara, na greda liko njiani. Walichora nyumba kwa nyumba, ya Elisaria ikiwemo, kisha wakaondoka bila kusema ni lini wala ni nyumba nzima au ni uzio tu. Tulipomfuata mwenyekiti wa mtaa, Bwana Ephraimu, alitujibu neno moja: "Subirini utaratibu."

Gidion hakuweza kusubiri. Alikwenda kwenye ukuta wa daraja akaandika kwa herufi kubwa: TUNATAKA MKUTANO. Mwenyekiti akaagiza ipakwe chokaa. Gidion akaandika tena, ikapakwa tena. Watu wakacheka, wakamwambia ataishiwa rangi kabla serikali haijaishiwa chokaa. Mimi naamini hapo ndipo moyo wa kijana ulipoanza kuchacha. Aliomba kwa maneno, tena maneno ya heshima, na hakuna aliyemjibu.

Halafu likaja neno la kijiweni. Jamaa mmoja, akiwa na kikombe chake cha kahawa, aliuliza, "Mbona ukuta wa yule Mhindi umerukwa? Kashaongea nao." Hakuwa na ushahidi hata wa kujaza kijiko. Lakini neno la namna hiyo ni tamu, jamani, na Gidion alilimeza zima.

Jumapili familia ilipokwenda kanisani, yeye alisema tumbo linamuuma. Mama Hemant alikuwa kwa ndugu zake mjini. Gidion akavaa reflekta ya rafiki yake wa bodaboda, akavuta kofia hadi kwenye nyusi, akachukua rangi ya mafuta nyekundu. Alichora X moja kwenye ofisi ya mtaa na nyingine kwenye ukuta wa duka la Mama Hemant, na chini ya kila moja akaandika BOMOA. Alitaka nao waonje. Hakuna aliyemzuia. Mzee mmoja aliyepita alisogea pembeni, akamwambia kwa unyonge, "Kazi njema, mkubwa." Ndivyo tulivyo sisi: X tunaiogopa hata kabla ya kuuliza nani ameichora.

Jumatatu asubuhi Bwana Ephraimu alifika ofisini, akaiona, na simu ikapanda sikioni. Alipiga kwa huyu, akapiga kwa yule, akauliza kwa nini hakushirikishwa. Kumbe namba za simu anazo! Tulimtazama kutoka ng'ambo ya barabara, na sitawaficha, tulifurahi.

Kwa Mama Hemant hapakuwa na furaha. Alisimama mbele ya ile X muda mrefu, mkono kifuani. Mnajua wenye nyumba hapa kwetu hufanya nini wakishawekewa alama. Hawangoji greda liwavunjie kila kitu. Hubomoa wenyewe, waokoe bati, milango na mbao. Naye akafanya hivyo hivyo. Aliita mafundi wapande wafumue paa la kibaraza, akaanza kufunga majora ya vitambaa kwenye maboksi.

Tabitha aliingia nyumbani na kichwa cha cherehani begani. Gidion alikuwa anakunywa uji.

"Wamemwekea X mama wa watu," Tabitha alisema, akakaa chini hivyo hivyo. "Anabomoa leo leo. Amenishika mkono, Gidi, akaniomba msamaha. Eti ananiomba mimi msamaha kwa kunikosesha pa kukaa!"

Gidion aliweka kikombe chini. "Mama."

"Nini?"

"Siyo serikali. Ni mimi nimechora."

Tabitha hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Alimtazama mwanawe hadi machozi yakamjaa, kisha akasema taratibu, "Hiyo suruali uliyovaa niliishona kwenye kile kibaraza. Inuka. Nenda ukamwambie kwa mdomo wako. Mimi sikusemei."

Gidion alijua yanayoweza kumpata. Mtaa ukikasirika hauna subira, na polisi hawako mbali. Angeweza kupanda gari akajificha kwa bibi yake Kikwe. Lakini kila dakika aliyofikiria, bati lingine lilikuwa linang'olewa. Akatoka mbio.

Alikuta nusu ya paa imeshafumuliwa. Sisi majirani tulikuwa tunapokea mabati kutoka juu na kuyaegemeza ukutani.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, Gidi. Umekuja kunisaidia? Mungu akubariki. Shika hili, lakini polepole, lisije likakukata."

Kijana alilishika lile bati, na hapo hapo akaanza kulia. "Mama, waambie washuke. Hiyo X nimeichora mimi."

Nyundo zilinyamaza. Fundi mmoja akateremka, akamkunja shati. "Huyu ni wa polisi huyu!"

"Mwachie," Mama Hemant alisema. Aliketi juu ya boksi la vitambaa. "Kwa nini mimi, Gidi?"

"Kwa sababu walikuruka. Watu walisema umewahonga."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nilinyamaza. Halafu nikaamini."

"Kila jioni unamfuata mama yako hapa. Unakunywa chai yangu. Ulishindwa kuniuliza?" Alinyoosha mkono kuelekea barabarani. "Marehemu mume wangu alipojenga, alipima kutoka katikati ya barabara, akarudi nyuma. Wenzake wakamcheka, wakasema anaiachia serikali bustani ya bure. Nyinyi mlisogeza nyuzio mbele, kila mtu na kipande chake. Ndiyo maana nimerukwa. Hakuna siri nyingine."

Wote tuliokuwa pale tukaanza kuangalia mabati.

Mvua haikungoja tumalize aibu yetu. Elisaria alifika, akasikia habari, akamwangalia mwanawe mara moja tu, akachukua nyundo. Baba na mtoto wakapanda kurudisha paa huku wakinyeshewa. Tabitha alisimama chini akiwapa misumari, bila kumsemesha Gidion hata neno. Bati lilikuwa linateleza. Mwishowe nilimsikia Tabitha akisema, "Gidi, shika kenchi, mwanangu, usianguke." Nilishukuru Mungu moyoni, maana nilijua nyumba ile imepona.

Bwana Ephraimu naye akaja, amefura. Alisema kijana lazima achukuliwe hatua, ameidharau ofisi.

"Mwenyekiti," Mama Hemant akamuuliza, "asubuhi ulipoiona X, ulimpigia nani?"

"Niliwapigia wahusika, nikauliza."

"Na walipowekewa hawa majirani zako, uliuliza?"

Bwana Ephraimu alivua kofia akaifuta maji, ingawa mvua ilikuwa inaendelea kuijaza.  Wiki ile ile tukaitiwa mkutano, na wataalamu wa barabara wakaja.

Katika mkutano kila aliyesimama alilalamikia ukuta wake, na wataalamu wakawa wanatikisa vichwa. Ndipo aliposimama Mama Hemant, mdogo wa umbo, mtandio begani.

"Mimi sina X," alisema. "Kwa hiyo hamtasema natetea changu. Hawa walijenga mbele, wamekosea, nyuzio zirudi nyuma. Lakini ndani ya nyumba kuna watu wanalala. Waambieni ni lini, na barabara inaishia wapi. Waambieni kwa mdomo, siyo kwa rangi."

 Wataalamu wakakubali kupima upya, wenye nyumba wakiwapo. Nyuzio zilitoka, na majiko kadhaa ya nje. Elisaria alipoteza uzio na mpera wake, lakini nyumba ilibaki imesimama, na wamo ndani hadi leo.

Gidion alipaka upya ukuta wote wa duka, mbele na ubavuni, hadi ile X haikuonekana tena. Siku iliyofuata akaenda na kopo la chokaa kwenye ofisi ya mtaa. Bwana Ephraimu alimzuia mlangoni.

"Hapa acha kwanza," alisema. "Acha hadi barabara iishe. Nataka kila asubuhi nikiingia niione."

FUNZO

Ndugu zangu, rangi ilikuwa moja na mkono ulikuwa mmoja. Kwenye ofisi ilimwamsha mtu aliyelala kwenye dhamana yake. Kwenye duka ilimfumulia mjane paa lake. Kijana, kudai haki yako si dhambi, na mimi sitakuambia unyamaze. Lakini usimwonee jirani ukadhani umepigana na serikali, na usibebe neno la kijiweni hadi kwenye ukuta wa mtu ambaye hujamuuliza. Nanyi viongozi, mtoto akiandika kwa heshima kwamba anataka mkutano, mwitikieni mapema. Mkifuta maneno yake bila kumjibu, hasira yake haifutiki, na itakwenda kumwangukia asiyehusika. Na ukishakosa, rudi ukaseme, hata kama paa limeshafumuliwa nusu. Nusu iliyobaki ina watu chini yake.