Mama Aliyeitwa Mara Tatu

Wa kwanza kumwambia Corinne Vandermark habari za yule wa chini alikuwa Doreen Ostrander, karani wa mahakama ya familia ya kaunti, na hakumwambia kwa kupenda. Alimwambia kwa sababu faili alilolitoa stoo ya chini lilikuwa limelowa.

"Usiliweke juu ya fomu zako," alisema, huku akitandaza karatasi za kufutia mikono kwenye kaunta. "Litaziharibu."

"Bomba limepasuka huko chini?"

"Huko hakuna bomba. Mafaili mengine yote ya mwaka huo ni makavu kama biskuti. Ni hili tu. Mwaka juzi nililikausha juu ya hita siku mbili, nikalirudisha rafuni. Haya, lione."

Corinne aliinama. Harufu iliyompiga haikuwa ya maji. Ilikuwa harufu ya maziwa yaliyochachia kwenye nguo, harufu ya kifua cha mama aliyechelewa kurudi kwa mtoto wake. Alikuwa amenyonyesha wawili, hakuhitaji kuambiwa.

Alikuwa amelitafuta faili hilo miaka miwili. Aliandika barua, akajaza fomu, akaambatisha cheti cha kuzaliwa, na kila mara jibu lilikuwa lilelile: hakuna kumbukumbu kwa jina hilo. Mwisho Doreen ndiye aliyemwonea huruma kwenye simu.

"Dada, wewe unatafuta kwa jina lako," alimwambia. "Ulikuwa mtoto wa wiki tano, hukumshtaki mtu. Kesi iko kwa jina la mama yako, na mwaka wake ni ule maombi ya kukuchukua yalipoletwa. Njoo na kitambulisho. Watu baki hatuwaoneshi, lakini wewe ndiye mtoto mwenyewe."

Alichokitaka kilikuwa jibu moja. Bibi yake mzaa baba, aliyemlea, alikuwa na neno alilolitoa kila Corinne alipovunja sahani au kuchelewa kutoka shule: "Mama yako hata mahakamani hakuja." Mama huyo, Idella, alikufa kwa kichomi majira yaleyale ya baridi, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza. Corinne alikua na neno hilo kama mtu anavyokua na mguu mmoja mfupi. Alijifunza kutembea nalo. Aliolewa nalo, akazaa nalo, na hata bibi alipozikwa, neno halikuzikwa.

Doreen alifungua faili kwa ncha za vidole. Karatasi ya juu ilikuwa amri. Corinne aliisoma akiwa amesimama: "Mama wa mtoto aliitwa mara tatu ukumbini. Hakujitokeza. Mtoto akabidhiwe wazazi wa baba."

"Basi ni kweli," alisema. Alianza kufunga vifungo vya koti lake.

"Ngoja kwanza. Una haraka ya kwenda kulia wapi?" Doreen alifunua karatasi ya pili, akaisoma. Akairudia. "Hii ni samansi aliyopelekewa. Afike saa tatu na nusu asubuhi, chumba namba mbili, chini. Sasa tazama amri. Kikao kilikaa chumba namba saba, ghorofa ya pili."

"Maana yake nini?"

Doreen alionyesha maandishi madogo pembeni, ya karani wa siku zile: kesi zote zimehamishiwa juu, boila ya kupasha joto vyumba vya chini imeharibika, tangazo limebandikwa mlango wa mbele. "Mama yako alikuwa na gari?"

"Hakuwa na baiskeli."

"Basi linashusha watu nyuma ya jengo," Doreen alisema polepole. "Watu wa basi huingilia mlango wa nyuma. Na mlango wa nyuma unakutoa moja kwa moja chini."

Huko juu kesi ya mwisho ya siku ilikuwa inaitwa. Sauti ya askari wa mahakama ilishuka na ngazi, ikitaja jina la mwanamume fulani. Na chini ya miguu yao, chini ya kaunta na zulia, mbao zililia, kama benchi linavyolia mtu aliyekaa muda mrefu anapojiinua. Kimya kidogo. Kisha zikalia tena, taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba siye anayeitwa.

"Ni nini hicho?" Corinne alinong'ona.

"Kila likiitwa jina la mtu, ananyanyuka," Doreen alinong'ona naye. "Mwaka wa kumi na tisa huu nasikia. Tunamwita yule wa chini. Trudy, mwenzangu, tulimdanganya kuwa ni panya. Akasema panya wa kwao hawanyanyuki kwa adabu namna hiyo. Aliacha kazi Ijumaa."

Askari aliteremka na orodha yake mkononi. Aliitwa Lyle Hotaling, mtu mzima wa miaka sitini na minne, aliyebakiza miezi michache astaafu.

"Lyle," Doreen alimwita, "huyu ni binti wa Idella Vandermark."

Mzee alivua kofia. Rangi ilimtoka usoni. "Niliita," alisema kabla hajaulizwa. "Mara tatu, kama kanuni inavyotaka."

"Uliita ukiwa wapi?" Corinne aliuliza.

"Juu."

"Na chini?"

Lyle aliitazama kofia yake. "Nilikuwa kijana, wiki yangu ya pili kazini. Chini baridi ilikuwa ya kuua mtu. Nilisema, nani atakaa kule? Hakimu alikuwa anatazama saa." Aliikunja orodha yake. "Jioni nilipokwenda kufunga mlango wa nyuma nilimkuta kwenye benchi, amekunja mikono kifuani. Akaniuliza, bado hawajanifikia? Nikamwambia arudi kwao, ofisi zimefungwa. Sikumwambia lingine. Sikuweza."

"Shuka sasa umwite."

"Mama, nimeziogopa ngazi zile miaka arobaini na moja."

"Nami nina miaka arobaini na moja," Corinne alisema. "Twende."

"Mimi nitabaki nilinde kaunta," alisema Doreen, kisha akachukua sweta lake akawafuata.

Ilikuwa saa kumi na robo, na jua la Novemba lilikuwa limekwisha kushindwa. Taa ya ngazi iliwaka, ikafifia. Chini kulikuwa na ukumbi mrefu, milango ya stoo upande mmoja, na mbele ya kilichokuwa chumba namba mbili, benchi moja la mbao. Nusu ya benchi ilikuwa kavu. Nusu nyingine iling'aa kwa maji.

Lyle alisimama kama zamani, visigino pamoja. Sauti yake ilitoka nyembamba.

"Idella Vandermark."

Mbao zililia.

"Idella Vandermark."

Harufu ya maziwa ikajaa ukumbini, nzito, ya kukaba koo, na pamoja nayo harufu ya sufu iliyolowa theluji, na juu ya sakafu ukaanza mlio wa viatu vyenye maji, hatua, kisha hatua, havina haraka wala havisiti, vikija kutoka pale ambapo hapakuwa na mtu, na Doreen akamshika Corinne mkono akaubana mpaka kucha zikaingia, na Lyle, machozi yakimshuka bila yeye kuyafuta, akavuta pumzi akaliita jina mara ya tatu, kwa sauti ambayo alipaswa kuitoa siku ile, na kabla mwangwi haujafa alikuwa amesimama mbele yao msichana wa miaka kumi na tisa, koti limemganda mwilini, samansi mkononi, na mbele ya gauni lake madoa mawili ya maziwa yakizidi kupanuka.

Alikuwa mdogo kuliko binti mkubwa wa Corinne.

"Nipo," alimwambia Lyle. "Nimekuja. Tafadhali msianze bila mimi."

Lyle alirudi nyuma hatua moja.

"Mama," Corinne alisema. "Ni mimi. Mimi ni Corinne."

Msichana aligeuka akamtazama kwa heshima, kama kijana anavyomtazama mtu mzima asiyemjua. Macho yake yalishuka kwenye mikono ya Corinne, yakaona ni mitupu.

"Samahani, mama," alisema. "Wangu ni wa wiki tano. Umemwona? Walisema wataniletea. Maziwa yamejaa, yananiuma."

Corinne alitaka kumwambia kila kitu, miaka yote kwa mara moja. Akayaona yale madoa, akajua kwamba ukweli huo hauna pa kuingilia.

"Nimemwona," alisema. "Amelala."

"Amekula?"

"Amekula. Ameshiba."

Mabega ya msichana yakalegea. Mkono wake, baridi kama chuma cha nje, uligusa kiwiko cha Corinne mara moja. "Ahsante. Basi nitasubiri," alisema, akarudi kwenye benchi, akaketi upande wake, akakunja mikono kifuani. Taa ilipong'aa tena, hakuonekana. Maji tu yalibaki, na mbao zikitulia.

Kesho yake asubuhi mlango wa mbele ulipofunguliwa, Corinne alikuwa wa kwanza kwenye kaunta. Aliomba fomu ya kiapo.

"Haitabadilisha amri," Doreen alimwambia.

"Najua. Iwekwe tu juu yake."

Aliandika kwa herufi kubwa, zisizounganishwa: Idella Vandermark alifika siku aliyoitwa, saa tatu na nusu, chumba namba mbili, kama alivyoelekezwa. Hajaondoka. Doreen aliisoma sentensi ya mwisho mara mbili, akainua kalamu ili aikate, akaiweka chini. Akaigonga muhuri, akaifunga juu ya amri.

Kisha Corinne akashuka ngazi peke yake. Aliketi kwenye nusu kavu ya benchi, mkoba mapajani, akasubiri mpaka harufu ya maziwa ikamsogelea.

"Mtoto wako ameota jino," alisema kwa sauti ya chini. "La chini, upande wa kushoto. Halikumsumbua sana."