Kamera ya Pili ya Mama Sifa

Kila siku akitoka shule, Sifa alipitia studio ya mama yake, hapo Karatu mjini, nyuma ya gereji. Alivua sweta, akanawa mikono mpaka viwikoni, kisha akachukua kitambaa laini akaanza kufuta lenzi. Vumbi jekundu la Karatu halibishi hodi. Sifa alikuwa na miaka kumi na miwili, na kazi hiyo aliijua vizuri kuliko hesabu za sehemu.

Mama yake, Benedicta, alipiga picha za sura za watu: wahitimu, maharusi, wazee. Miaka sita alikuwa na kamera moja na lenzi mbili. Akitaka uso wa mtu mmoja, anafunga lenzi ndefu. Akitaka familia nzima, anaitoa na kufunga fupi. Studioni hakuna shida. Lakini Jumamosi alikuwa na kazi Piyaya, kwa wafugaji, kwenye upepo wa tambarare. Huko ukitoa lenzi, vumbi linaingia ndani ya kamera na siku yako imekwisha.

"Nahitaji bodi ya pili," Mama alisema. Bodi ndiyo kamera yenyewe, bila lenzi. "Kila lenzi ikae kwenye bodi yake, nisifungue kitu."

Siku ya Jumanne, Patrisi, muuzaji wa kamera zilizotumika, alileta bodi mbili. "Chagua, Mama Sifa. Zote zinashika lenzi zako. Kaa nazo mpaka Alhamisi, ukiridhika tunamalizana."

Moja ilikuwa kubwa, nyeusi ti, inang'aa, kama zile za watalii wanaopita kwenda kreta kutazama wanyama. Nyingine ilikuwa ndogo, mpira umebanduka ubavuni, na mtu ameubana kwa plasta ya kidonda.

Mama alikuwa na harusi ya kupiga, kwa hiyo kazi ya kupima akampa Sifa. "Piga sura ishirini kwa kila bodi. Kumi juani, kumi kivulini. Kisha kuza picha utazame macho. Ukiweza kuhesabu kope, picha ni nzima. Usifute hata moja. Zile mbaya ndizo ninazozitaka zaidi."

Sifa akaivaa ile kubwa shingoni, akaenda sokoni. Rafaeli, aliyekuwa akisoma naye darasa la sita, akamwona.

"Jamani, mtalii kaingia! Simba umemwona wapi, mama?"

"Yule pale, amekalia gunia la vitunguu," Sifa akajibu. "Tulia nimpige."

Watu wakacheka, na Rafaeli akakaa sawa juu ya gunia lake kama chifu.

Juani picha zote kumi zilitoka safi. Kivulini, chini ya baraza la duka, mambo yakabadilika. Picha tatu zilionyesha masikio wazi kabisa, lakini macho yalikuwa na ukungu. Sifa alijiambia mkono wake ulitikisika. Ile ndogo, alipoijaribu, haikukosea hata mara moja, lakini nani atake kuvaa kitu chenye plasta? Akabonyeza kufuta, mara tatu. Akapiga nyingine tatu nzuri. Ishirini zikatimia.

Alhamisi Mama alizipitia, akatabasamu. "Kubwa haina kasoro. Umenisaidia, mwanangu."

Patrisi alikuwa ameshakaa, anasubiri. Mama akamweleza kuhusu safari. "Kuna Mzee Mepukori kule. Wageni wamempiga picha tangu ujana wake, hakuna aliyemletea hata moja. Anataka wajukuu waje kumjua. Ameniambia, 'Nitakaa mara moja tu, ukiniharibia sikai tena kwa mtu.' Na nitampigia mlangoni mwa nyumba, kivulini. Jua linamuumiza macho."

Sifa aliitazama ile bodi kubwa. Kivulini.

"Mama, subiri. Nilifuta picha tatu."

"Zipi?"

"Za ile kubwa. Macho yalikuwa na ukungu. Nilifuta kwa sababu niliipenda."

Patrisi akaruka. "Huyu mtoto naye! Juzi nzima, leo mbovu?"

"Anko Patrisi, nenda ukae barazani, kivulini," Sifa alisema. Akaichukua ile kubwa. "Nikupige kumi, mbele ya Mama."

Patrisi akakaa, amenuna. Sifa akapiga kumi. Wakazikuza moja moja. Nne zilionyesha masikio wazi na macho yenye ukungu.

Patrisi akakuna kichwa. "Kumbe. Aliyeniuzia hakusema."

"Na wewe hukupima," Mama alisema. Akamrudishia ile kubwa. Kisha akamgeukia Sifa, bila kucheka. "Ndogo unaipima upya. Ishirini. Mimi nimesimama hapa."

Sifa akaanza kupiga.

Jumamosi, Piyaya, upepo ulikuwa ukisukuma vumbi kama moshi. Sifa aliinamisha kichwa, na Mzee Mepukori akamgusa utosini kumsalimu. Kisha mzee akakaa mlangoni, shuka begani, fimbo magotini. Mama akainua ile bodi ya plasta. Akapiga tatu tu.

"Tazama," akamwambia Sifa.

Sifa akakuza picha. Kope zilikuwa nyeupe, chache, na akazihesabu zote. Akamwonyesha mzee. Mzee Mepukori akaishika kamera kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Huyu ni baba yangu," akasema mwishowe. "Sikujua kwamba nimekuwa yeye."

"Nitakuletea ya karatasi mwenyewe, baba," Mama alimwambia. "Kwa mkono wangu."

Walipokuwa wakisubiri wajukuu wakusanyike, Mama akamshika Sifa bega. "Picha mbaya nikiiona hainidhuru. Ingenidhuru ile uliyonificha. Ukipewa kazi ya kupima kitu, leta ulichokiona, siyo ulichokitamani."

"Na nikiwa nimeshakosea?"

"Sema kabla kosa halijamfika mtu mwingine. Alhamisi ulisema, na ulisema mbele ya Patrisi. Hilo halikuwa rahisi, nililiona."

Wajukuu wakaja mbio, kumi na saba, wakajipanga nyuma ya babu yao. Mama akaiachia bodi ndogo ining'inie kifuani, akashika ile ya zamani yenye lenzi fupi. Hakufungua kitu.

"Sifa," akasema, "waambie wasogee."

Sifa akaenda mbele yao, akapaza sauti, nao wakasogea.