Mnyama Aliyeongezewa Miguu

Mama Klara, jirani yetu hapa Runzewe, anadai kuwa jiwe lile lilipasuka lenyewe Ghati alipolikanyaga. Sivyo. Ghati na rafiki yake Mageni walikwenda korongoni Jumamosi kutafuta mawe magumu ya kugongea jiwe la kusagia mtama ili likwaruze tena, maana likiwa laini halisagi. Ghati akajaribu kugonga bamba moja la mwamba, likafunguka kama kitabu. Ndani mlikuwa na alama kama jani lenye mistari. Kwenye kipande kimoja imebonyea, kwenye cha pili imetuna.

"Chukua hiki, mwenzangu," Ghati alimwambia Mageni, akimpa kipande kimoja.

Jumatatu Ghati alimwonyesha Mwalimu Onesmo kipande chake. Mwalimu akatangaza kuwa Bwana Gregory, mpima miamba wa serikali, atakuja kukiona, na jina la mwenye jiwe litaandikwa kwenye sanduku la kwenda Dodoma. Watoto wakamzunguka Ghati. "Ghati wa jiwe," walimwita. Kila Mageni aliposikia hivyo, kifua kilimwasha kama aliyemeza pilipili.

Nyumbani alikaa nyuma ya jiko na jiwe la kugongea. Akachonga kwenye kipande chake kichwa, jicho na miguu minne. "Sasa tuone mwenye mnyama ni nani," alijisemea.

Bwana Gregory alipofika darasani, alikiinamia kipande cha Ghati muda mrefu. "Huenda huyu ni katika wanyama wa kwanza kabisa," alisema. "Walikuwa laini, wametandaa chini ya maji kama mkeka. Hawakuwa na kichwa wala miguu. Hata mdomo hatujauona. Hivyo vilikuja baadaye sana."

"Bila mdomo? Basi hakumsengenya mtu," Donatus, mwanafunzi mwenzao, alisema. Darasa likacheka.

"Bwana, kipande cha pili anacho Mageni," Ghati alisema.

Mageni alikitoa mfukoni polepole. Bwana Gregory akapitisha kidole kwenye ile miguu. Vumbi jipya likabaki kidoleni.

"Nani kampa miguu?"

"Mimi, Bwana."

"Binti, hivi viwili vilikuwa mashavu ya uso mmoja. Ningeandika majina yenu yote mawili. Umemwonea mwenzako wivu, ukaharibu kilichokuwa chako. Wivu ndivyo ulivyo."

Sanduku likaondoka na jina moja.

Jumamosi Mageni alisimama mlangoni kwa kina Ghati, jiwe la kugongea mkononi. "Ghati, twende korongoni. Likifunguka jingine, utanigawia?"

Ghati alikuwa amepiga magoti, anasaga. Akatikisa kichwa, akaongeza konzi ya mtama, jiwe likaendelea kunguruma.