Nani Kaficha Beseni la Bibi?

Sogeeni, sogeeni karibu. Leo nawaletea habari za Mwanahawa na beseni la bluu.

Mwanahawa alikuwa na miaka mitano. Mama yake alikuwa amejifungua mtoto mchanga, Athumani. Athumani alikuwa mdogo, lakini kelele zake, wee!

"Mama, nipakate," alisema Mwanahawa.

"Bado, mwanangu. Mgongo unaniuma."

Mwanahawa alisikitika sana. Alitamani mno kukaa mapajani kwa Mama.

Bibi alikuja kumkanda Mama. Alibeba beseni la bluu lenye maji ya moto, taulo na mafuta ya nazi. Akaingia chumbani, akafunga mlango.

Taulo likakamuliwa: chururu, chururu!
Mikono ya Bibi: sugua, sugua, taratibu.
Na Mama: "Oooh! Aaah! Oooh!"

Mwanahawa aliziba masikio. "Bibi anamuumiza mama yangu!"

Kesho yake ikawa vilevile.

Chururu, chururu!
Sugua, sugua, taratibu.
"Oooh! Aaah! Oooh!"

Siku ya tatu, Mwanahawa alilichukua beseni. Akalisukuma chini ya kitanda, mpaka ukutani. Mtoto huyu!

Bibi alitafuta jikoni. Akatafuta uani. Akatafuta hata kwenye banda la kuku.

"Jamani, beseni limeota miguu?" aliuliza Bibi.

"Ko-ko-ko," walijibu kuku.

Maji yakapoa. Siku hiyo Mama hakukandwa.

Jioni Mama alitaka kuinuka. Akashika ukuta. "Aa, mgongo wangu!" Machozi yakamlengalenga.

Mwanahawa naye akalia. "Bibi, mimi ndiye niliyeficha beseni. Usimuumize tena Mama!"

Bibi alishangaa. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Mjukuu wangu, simuumizi. Namkanda ili maumivu yapungue, mwili upate nguvu. Njoo uone mwenyewe."

Mwanahawa akalitoa beseni chini ya kitanda, wakapasha maji tena. Bibi akayagusa kwanza kwa kiwiko, yasije yakamchoma Mama. Safari hii Mwanahawa naye aliingia chumbani.

Chururu, chururu!
Sugua, sugua, taratibu.
"Oooh! Aaah! Oooh!"

"Mama, inauma?"

"Hapana, mwanangu. Hiyo ni raha!"

Mwanahawa akapaka mafuta viganjani. Akaukanda unyayo wa Mama kwa vidole vyake vidogo. Sugua, sugua, taratibu.

"Aaah," alisema Mama. "Kumbe nina wakandaji wawili!"

Basi wakamkanda Mama kila siku, Bibi mgongoni, Mwanahawa miguuni. Mama akaanza kulala vizuri. Akaanza kutembea bila kushika ukuta.

Jioni moja Mama aliketi mkekani. Akanyoosha mikono.

"Mwanahawa, njoo nikupakate."

Mwanahawa hakuambiwa mara mbili! Alipanda mapajani kwa Mama, akajikunja. Mama akamkanda mabega. Sugua, sugua, taratibu.

"Oooh!" alisema Mwanahawa. "Aaah! Oooh!"

Bibi akachungulia mlangoni. "Nani huyo anamuumiza mjukuu wangu?"

Mwanahawa alikuwa ameshalala.