Mkwaruzo Ubavuni mwa Bwana Harusi

Kwa picha zilizobanwa, niachieni mimi. Hapa mjini fundi akishindwa na diski ya mteja, huulizwa kwanza, "Umempelekea Pipa?" Pipa ndiye mimi. Jina nilipewa kwa sababu ya umbo. Mlango wa studio yangu nilikuwa napita kwa ubavu, na kiti changu nilikichomelea vyuma mwenyewe. Shule niliiacha mapema, maana mimi na hesabu hatukuelewana, lakini niwekee mbele sura iliyopinda, nitakunyooshea hata kama ni ya tumbili.

Haya ninayoyaeleza yalianza Jumanne, saa nne asubuhi, jua likiwa limeshika dirisha zima. Dada yangu aliingia na diski aliyoifunga kwenye mtandio kama yai.

"Nimekuletea shemeji yako," akasema, akaiweka mezani.

Ilikuwa diski ya harusi yake, ya miaka ishirini na miwili nyuma. Shemeji alifariki miezi mitatu baada ya harusi ile, mpwa wangu akiwa bado tumboni. Picha za karatasi hazikubaki. Ziliharibiwa na maji ya bomba ambalo nililitengeneza mimi, lakini hayo tusiyarudie. Sasa mpwa alikuwa anaolewa Jumamosi.

"Hajawahi kumwona baba yake akitembea," dada akasema. "Kila tukiiweka hii anaona mtu kama mpini wa ufagio. Nataka amwone alivyokuwa, mdogo wangu. Mabega yake. Uso wake. Sikuombi kingine."

"Hiyo ni kazi ya nusu saa. Chai yako haitapoa."

"Ulisema hivyohivyo kwenye bomba."

Akaenda zake. Nikaanza.

Nikueleze kidogo, usije ukadhani nakuuzia maneno. Picha pana huwekwa kwenye diski ikiwa imebanwa, kama nguo kwenye sanduku. Kando yake hukaa agizo dogo la kuiambia televisheni iinyooshe. Ukiihamishia kwenye programu ya kuhariri, mara nyingi agizo hupotea njiani, na watu wote hutoka warefu, wembamba, kama wamekaushwa. Dawa yake ni kuingia kwenye mipangilio ya klipu na kubadili uwiano wa picha, yaani upana wake kwa urefu wake. Kisha unatafuta kitu cha mviringo ndani ya picha, unapima. Mimi hupima kwa kifuniko cha bati cha kopo la maziwa ya unga. Nakibandika kwenye skrini kwa gundi ya karatasi; kitu cha mviringo kikienea chini yake pande zote, kazi imekwisha. Kifuniko hicho nimekitumia miaka kumi na miwili na hakijawahi kunidanganya.

Diski ya dada haikuwa na agizo lolote. Si kwamba lilipotea. Halikuwahi kuwekwa.

Nikabadili uwiano. Picha ikanyooka, nikapiga meza kwa furaha. Ilipoanza kutembea, ikabanwa tena. Nikabadili tena. Ikarudi. Nikahifadhi, nikafunga programu, nikaifungua: watu wembamba. Nikaihamisha diski upya kwa njia nyingine. Watu wembamba. Nikazima kompyuta, nikaiambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, nikaiwasha. Mpaka saa nane mchana nilikuwa nimebadili mpangilio uleule mara kumi na saba, na kila mara, nikiondoa tu mkono kwenye kipanya, picha inajibana taratibu. Kama mtu anayevuta tumbo ndani.

Hasira zikanipanda. Mimi, Pipa, nishindwe na harusi ya dada yangu mwenyewe. Nikaachana na mipangilio, nikaishika picha kwa pembe yake na kuivuta kwa mkono, upande upande, kwa nguvu ya kipanya.

Safari hii ikakubali.

Nyuma ya maharusi, ukutani mwa ukumbi, palikuwa na saa kubwa ya mviringo. Ikaenea chini ya kifuniko changu barabara. Na shemeji akatokea. Nilikuwa nimemsahau. Mabega kama kabati, shavu limejaa, anacheka na jino lake lililovunjika. Nilikaa nikamtazama, macho yakanilowa, nakiri.

Ndipo nikauona mkwaruzo.

Ulikuwa mstari mweusi, umesimama wima ubavuni mwake, mwembamba kama uzi. Picha ikiwa imebanwa, huuoni mpaka ujue pa kutazama. Sasa fundi yeyote anajua kwamba diski ikikwaruzika picha huvunjika vipande au huganda. Haitoi mstari. Na mstari hauhami bwana harusi akihama. Huu ulihama naye. Alipokata keki, ulikuwa pale. Alipoketi, ukainama.

Hapo ndipo nilipokosea, na ni kosa ambalo fundi yeyote wa kazi hii angelifanya. Ukitaka kujua kitu chembamba ni nini, unakivuta.

Nikavuta.

Saa ya ukutani haikupanuka. Shemeji hakupanuka, wala wageni. Mstari tu ndio ulipanuka. Ukawa na unene wa penseli. Ukawa na unene wa mkono wa mtu. Ukapata mabega.

Nikainuka kidogo kusogea karibu na skrini, suruali ikanishuka.

Nilicheka. Nikakaza mkanda tundu moja, nikakaa, nikavuta tena. Alikuwa mtu, ametupa mgongo, amesimama karibu mno na shemeji. Hakuna mgeni aliyemtazama. Nikavuta. Mkanda ukalegea tena. Tundu la pili. La tatu. Mkanda wangu hauna tundu la nne.

Mtu yule alikuwa anageuka.

Si kwenye video. Video nilikuwa nimeisimamisha.

Gundi ikabanduka, kifuniko kikaanguka. Kifuniko kile kikianguka huviringika mpaka mlangoni. Nimekifuata mara mia. Safari hii kiligonga sakafu na kukaa. Nikakiokota. Kilikuwa kimebonyea ubavuni, kirefu kama yai, bila kovu la nyundo.

Nikampigia dada. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Dada. Fundi aliyekupigia video ya harusi alikwambia nini?"

Akashusha sauti.

"Alisema ameibana kwa makusudi. Alisema tusimpe mtu ainyooshe. Nilidhani anaficha kazi mbovu. Mafundi ni nyinyi wenyewe, mnajijua."

"Na shemeji?"

"Shemeji yako alicheka. Televisheni ya jirani ilikuwa na kitufe cha kunyoosha picha. Akawa anakwenda kwa jirani kila jioni, anajitazama. Akaniambia kuna mtu kwenye harusi yetu hamjui, anataka kumwona uso." Akavuta pumzi. "Kisha akaanza kukonda. Unakumbuka. Pete ilimtoka kidoleni akiwa ananawa mikono. Hospitali hawakuona ugonjwa."

Nilikumbuka. Tulimbeba watu wawili tu, na jeneza tukaliona jepesi.

Skrini ilikuwa mbele yangu. Niliona sikio. Nikaona shavu linaanza.

Nikaishika pembe ya picha, macho nimeyafumba, nikairudisha ndani. Ilikuwa nzito. Kipanya hakina uzito, lakini ilikuwa nzito. Nikabana mpaka mwisho. Nilipofumbua macho, wote walikuwa wembamba, na ubavuni mwa shemeji palikuwa na uzi.

Jumamosi tulionyesha picha iliyobanwa. Ukumbi mzima ulicheka. "Pipa naye kazeeka," nikamsikia mmoja. Mwingine akasema, "Hata Pipa mwenyewe kabanwa, tazama koti linavyomning'inia." Nikala matusi yangu. Mpwa wangu hakucheka. Alisimama mbele ya skrini na gauni lake jeupe, akainua simu, akairekodi sehemu ya baba yake mwanzo mpaka mwisho. Sikuliona kuwa jambo. Mtu hurekodi.

Dada alinishika mkono chini ya meza. "Afadhali," akanong'ona. "Afadhali asimwone." Usiku huohuo diski ile niliikata vipande vinne kwa mkasi wa bati, na nakala ya kompyuta nikaifuta.

Wiki mbili zikapita. Mkanda nikautoboa tundu la nne. Mlango wa studio sasa napita kifua mbele, na wateja wananipongeza kwa mazoezi.

Juzi mchana mpwa wangu akaja kunisalimia. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo. Blauzi ilikuwa imempwaya mabegani.

"Shikamoo, mjomba. Nimekuja kukusuta."

"Marahaba. Nisute, mama."

"Kitu kidogo vile kimekushinda, fundi mzima. Simu hii ina sehemu ya kunyoosha picha. Nimeinyoosha mwenyewe, kwa vidole tu." Akacheka, macho yamejaa machozi. "Nimemwona baba, mjomba. Ana jino limevunjika. Hamkuwahi kuniambia. Kila jioni nakaa naye."

Nikanyoosha mkono.

"Nipe hiyo simu," nikasema.

"Subiri kwanza, nikuulize kuhusu mtu mmoja. Pembeni yake palikuwa na mkwaruzo, nikaunyoosha nao. Jana amemaliza kugeuka."

Akaninyooshea mkono wenye simu. Pete yake ya ndoa ikamteleza kidoleni, ikaanguka sakafuni katikati yetu.

Haikuviringika.