Mitihani Saba ya Placide

—Nipe zile makaratasi, Pulchérie. Yote.

—Leo iko juma posho. Nitakupa moja, kama juma posho iliyopita.

—Mi si mwanafunzi wako.

Placide, karani wa tribinali ya Fizi, alikuwa ameteremka kwa baiskeli hadi Baraka, jasho limemlowesha shati. Mwaka 1958 ulikuwa unakatika, na egzameni ya kuingia masomo ya sheria Elisabethville ilibakiza majuma nane. Padri mmoja alimpa mitihani minane ya zamani. Pulchérie, mchumba wake, mwalimu wa wasichana, aliifungia sandukuni. Mmoja kila Jumamosi, kwa muda wa saa tatu kamili mbele ya saa ya kengele, halafu siku za kusahihisha makosa. Ulikuwa umefanywa mmoja tu.

—Benzangu bale ba Bukavu banafanya kila siku.

—Bafanye. We ukichoka unasoma swali nusu, unajibu nusu.

—Sema kweli. Unaogopa nikienda nitakusahau.

Pulchérie alishika ufunguo wa sanduku.

—Naogopa, ndiyo. Lakini si sababu ya ile nafunga makaratasi.

Akafungua sanduku, akampa yote saba. Placide aliondoka bila kuaga.

Alifanya mitihani sita kwa siku sita. Katika wa kwanza alipata sitini na mbili kwa mia. Wa nne, arobaini na tisa. Wa sita hakuumaliza. Usingizi ulimtoroka. Siku ya saba, kazini, aliandika jina la mshitaki mahali pa mshitakiwa, na mzee mmoja wa Lweba, aliyekuja kudai mbuzi wake, akafungwa buloko. Alikaa humo hadi jioni, Placide alipoona kosa na kukimbia kumtoa.

—Nisamehe, baba.

—We mutoto, ulikuwa unaangalia wapi?

Placide alirudi mezani kwake. Aliandika barua fupi: "Pulchérie, imebaki moja tu. Kichwa changu hakikamati tena kitu. Sijui nifanye nini. Placide."

Jibu halikuja. Siku ya tatu alikuja Pulchérie mwenyewe, juu ya kamio, lori lililopakia mihogo, vumbi hadi kwenye nyusi. Akamkabidhi daftari.

Placide alifunua. Mitihani mipya mitano, kwa mwandiko wa Pulchérie, kila swali limegusa mahali anapokosea.

—Uliandika lini?

—Nilianza siku ile ulienda na hasira. Nilijua utamaliza yote.

—Na ulikuwa na hasira na mi.

—Ningali nayo. Fanya moja kila juma posho, na ile ya padri mwisho. Siku ingine lala.

Placide alikaa kwenye ngazi ya tribinali, uso mikononi.

—Niliwaza unanifunga miguu.

—Baba anauliza tutaoa mbele ya egzameni ao nyuma.

—We unasema nini?

—Nyuma. Lakini ukifaulu ao ukianguka, tunaoa. Sitaki kuolewa na matokeo.

Placide alifanya egzameni Bukavu, akabakiza dakika kumi na mbili za kusoma majibu yake tena. Telegramu ilifika Fizi asubuhi ya siku ya kazi. Placide aliomba ruhusa, akashuka hadi Baraka, akasimama mlangoni mwa darasa. Wasichana wote waligeuka.

—Balikukubali? aliuliza Pulchérie.

—Balinikubali.

Pulchérie aliweka chaki chini. Kengele ya kufunga shule ilikuwa bado sana.

—Fungeni madaftari, batoto. Muende nyumbani.